Kobe Mwenye Kalamu

Katika sanaa zistahikizo sifa na zisizosifiwa ila kwa nadra, mimi naiweka mbele sanaa ya fundi atengenezaye chombo cha watoto kujifunzia. Maana seremala huujua mti wake na mhunzi chuma chake, ilhali fundi huyu hana budi kuijua akili ya mtoto, nayo haishikiki kwa mkono wala haipimwi kwa futi.

Mwaka 1967, mjini Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon waliunda lugha ya kompyuta iitwayo Logo, wakiwakusudia watoto. Na baada ya miaka michache lugha hiyo ikapata wa kuitii, roboti mdogo wa magurudumu aliyeitwa kobe, atambaaye sakafuni huku kalamu iliyo tumboni mwake ikiacha mstari kila apitapo. Papert, mzaliwa wa Pretoria, alikuwa amefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mwanasaikolojia wa watoto, akatoka huko na itikadi ya kwamba mtoto huijenga elimu yeye mwenyewe kwa vile alivyo navyo, kama mwashi wa pwani ajengavyo nyumba kwa matumbawe ya bahari yake.

Na kila mtoto, kabla hajajua kusoma, ana maungo yake. Mtoto atakaye pembetatu humwamuru kobe aende hatua 100, ageuke nyuzi 60, na arudie mara tatu, kwa kuwa amesikia kwamba kila pembe ya umbo lile ni nyuzi 60. Lakini kobe, mtiifu asiyeongeza wala kupunguza, huchora nusu ya umbo la pembe sita, akasimama mbali na alipoanzia. Hapo hakaripiwi mtu. Mtoto huinuka akaitembea pembetatu kwa miguu yake, na afikapo kwenye kona huhisi mabegani ya kuwa yampasa kugeuka zaidi, hata akaribie kuelekea alikotoka. Ndipo arudipo akaandika 120, na mistari ikakutana.

Kosa lile fundi alilitengea nafasi kwa makusudi, na hapo ndipo ulipo ustadi wake. Leo, vishikwambi vinapoingia madarasani, aghalabu huulizwa idadi yake na kasi yake. Laiti tungeuliza kwanza, kabla ya kufungua hata boksi moja, ni wapi ndani ya chombo hiki mtoto atakapoweza kukosea, akaliona kosa lake kwa macho yake, akainuka, akatembea, akalisahihisha.