Beleshi la Mtia Makaa

Watu wa Australia wakianza kuzikumbuka treni zao za zamani, hawakawii kuitaja 3801. Ni injini ya mvuke ya kijani, pua imechongoka kama risasi, iliyotoka kiwanda cha Clyde Engineering, Sydney, Januari 1943, vita vikiendelea. Yeye na ndugu zake wa aina ya C38 walifika 30, wote wakivuta treni za abiria za haraka katika jimbo la New South Wales. Mbio zake ndizo husimuliwa zaidi: Juni 1964 ilitoka Sydney hadi Newcastle, kilomita 168, kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 51. Treni za umeme za leo, ingawa hizo husimama njiani, hazifiki kwa muda huo.

Sifa hupewa chuma na dereva. Mimi namkumbuka mtu wa pili mle kibandani, mwenye beleshi mkononi. C38 zilitiwa makaa kwa mkono, kwa hiyo kila kasi iliyoandikwa vitabuni ilipita kwanza kiunoni mwa mtia makaa.

Asiyejua atadhani ni kazi ya nguvu tu: fungua mlango, tupa makaa, funga. Kumbe ni kazi ya jicho. Wavu unaobeba moto una zaidi ya mita za mraba 4, na moto unatakiwa utandazwe juu yake bila tundu wala kilima. Penye tundu hewa baridi hupenya ikaupoza mvuke. Penye kilima makaa hushikana yasiungue. Hivyo mtia makaa hatupi ovyo. Anapalia, kama mpishi anavyopalia wali, machache huku, machache kule. Na kwa kuwa mwali unapofusha, huligeuza beleshi kifudifudi mlangoni mwa tanuru. Hewa hulifuata bapa lake, ikaupasua mwali, naye kwa nukta moja akapaona palipokonda.

Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto. Mtia makaa angewaongezea kwamba moshi mweusi mzito ni wa moto mbovu, makaa yanayopotelea hewani.

Mtihani wake mkubwa ulikuwa safari ya kurudi Sydney. Ukishavuka mto Hawkesbury reli inapanda kwenda Cowan, mita 1 kwa kila mita 40. Makaa yakitupwa sasa joto lake halipatikani sasa, basi moto wa mlimani ulipikwa kabla ya mlima. Huku jicho jingine liko kwenye kioo cha kupimia maji ya boila. Injini ikifika kileleni na kuinamisha pua, maji ya boila hukimbilia mbele na kuacha paa la tanuru karibu uchi. Paa hilo likikauka kuna hatari ya mlipuko. Aliyepanda na maji machache alijua kosa lake akiwa juu, wakati wa kulirekebisha umekwisha.

Nao wasomaji wa Nairobi wanaijua jamaa ya mbali ya hadithi hii. Injini za Garratt, zenye boila moja katikati na magurudumu makundi mawili, ziliundwa kwanza kwa ajili ya Tasmania, mwaka 1909. Zile kubwa za Reli ya Afrika Mashariki, zilizopewa majina ya milima yetu, ni wajukuu wao. Ila zetu zilichoma mafuta, na beleshi halikuwa na kazi.

Hamu ya zamani huchagua. Honi inakumbukwa, masizi kwenye kola ya shati, hakuna anayeyataja. Wala vidole vilivyoungua.

3801 ililazwa kwa matengenezo mwaka 2007, ikarudi kubeba abiria Machi 2021. Ukibahatika kuiona ikiondoka Sydney, waachie wengine magurudumu. Wewe tazama moshi: ukiwa mwepesi, wa kijivu, mle ndani yumo anayeijua kazi.