Mkono Unaosikiliza

Matangazo ya nafasi za katibu mahsusi serikalini Tanzania yana sentensi moja ambayo wengi huipita haraka. Mwombaji awe amehitimu mafunzo ya uhazili. Awe amefaulu hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 80 au 100 kwa dakika moja, kutegemea tangazo. Tena awe anazimudu programu za kompyuta, Word, Excel, barua pepe na nyinginezo. Daftari la hatimkato na kompyuta vimewekwa hapo bega kwa bega, wala havigombani. Nimeifikiria sana sentensi hiyo tangu ofisi zetu zianze kuhama kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye vishikwambi.

Na zinahama kweli. Bunge pale Dodoma liliingia kwenye vishikwambi mwaka 2019. Sensa ya 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na baada ya kazi hiyo vikagawiwa walimu. Zipo halmashauri zilizoachana na makabrasha, yale mafurushi ya karatasi yaliyodurufiwa usiku kucha kabla ya baraza la madiwani. Mtu aliyewahi kutumwa masijala kutafuta jalada la zamani, akalikuta limeliwa na mchwa au asilikute kabisa, hawezi kuyanung'unikia mabadiliko haya. Mimi siyanung'unikii. Ninachotaka ni kuusifu ufundi uliokuwa ukifanya kazi ndani ya daftari, maana naona tunahama na samani huku mwenye nyumba tukimwacha kibarazani.

Ufundi huo ni hatimkato, uandishi wa kasi kwa alama fupi. Mfumo unaofahamika zaidi ulibuniwa na Mwingereza Isaac Pitman, aliyeuchapisha mwaka 1837, na msingi wake ni kuandika sauti badala ya herufi. Mstari wima mwembamba ni t. Ukandamize penseli kidogo, mstari uleule unanenepa, umekuwa d. Mstari mwembamba uliolala ni k, ukinenepa ni g. Ndiyo maana penseli iliyochongwa vizuri ilikuwa nusu ya kazi, na kalamu ya biro, isiyojua kunenepesha mstari, haikupendwa. Irabu ni nukta na vistari vidogo vya pembeni, na mwandishi mwenye kasi huziacha nyingi. Badala yake huipandisha alama yake juu ya mstari wa daftari, au huikalisha mstarini, au huupitisha mstari katikati ya alama, na mahali hapo panamkumbusha irabu iliyotangulia ni ya kundi lipi.

Kiswahili humtoa jasho hapo. Alama ya k na t inaweza kuwa kata, keti, kiti, koti au kuta. Lugha yetu imejaa irabu, na kitenzi kimoja hubeba mzigo wa sentensi nzima. Mwenyekiti akisema "hatutawapelekea", ametoa silabi nane kwa neno moja, na kwa kasi ya maneno 100 kwa dakika mkono haujapewa hata sekunde kamili. Anayengoja neno liishe ndipo alitambue ameshachelewa. Inabidi awe anaifuata hoja tangu msemaji alipofungua mdomo, ajue anaelekea wapi, na mkono uende naye. Vizazi vya makatibu vilifundishwa kufanya hivyo katika Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma.

Nimekaa vikao vingi vya madiwani kando ya mmoja wao, mama mtulivu aliyekuwa akifika ukumbini kabla ya wajumbe. Daftari lake lilifungwa kwa waya upande wa juu. Kila ukurasa aliupiga mstari wa kusimama katikati, ukawa na safu mbili nyembamba, ili mkono usisafiri mbali kurudi mwanzo wa mstari. Kurasa zilizokwisha kutumika alizibana kwa mpira, hivyo akifungua daftari anaangukia moja kwa moja kwenye ukurasa mweupe. Tarehe aliiandika chini, pembeni, mahali kidole gumba kinapopita wakati wa kufunua. Kidole cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeshainua pembe ya ukurasa kabla safu ya pili haijajaa, na sikuwahi kusikia karatasi ikikwaruza.

Siku moja mabishano yalipopamba moto, mwenyekiti aligeuka: "Mama, hebu tusomee mheshimiwa alivyosema." Akarudisha jicho safu moja nyuma na kusoma, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, maneno ya yule diwani kama yalivyotoka. Ubishi ulikwisha. Sijaona kifaa cha kurekodi kikifanya kazi hiyo kwa wepesi ule. Mtu huanza kurudisha nyuma, inapita mno, anasogeza mbele, wajumbe wameshaanza mada nyingine.

Lakini sifa kubwa naiweka kwenye kazi iliyofuata, ambayo wajumbe hawakuiona. Mchana uleule, kabla hajagusa kitu kingine, aliketi na daftari na kuanza kutoa muhtasari. Diwani alikuwa amezungumza kwa kirefu juu ya shule ya kata yake: mvua, wazazi waliochanga, fundi aliyetokomea, aibu ya watoto wa kike kukimbilia vichakani. Katika muhtasari ilikaa mistari miwili tu. Matundu ya vyoo hayatoshi na wanafunzi wanapata adha. Afisa Elimu akague na alete taarifa kikao kijacho. Ule uchungu haukupotea. Ulipata mtu wa kuujibu na siku ya kujibiwa. Kila kipande alichokwisha kukihamisha alikipiga mstari wa mshazari, na hakuondoka ofisini mpaka kurasa zote za siku ile zimepigwa mstari.

Ndiyo maana kikao kilichofuata kilipofika kwenye yatokanayo, hakuna aliyeweza kusema hakukumbuka.

Sasa simu huwekwa mezani, mtu anabonyeza, kikao kinarekodiwa chote. Saa tatu za sauti zimehifadhiwa salama na nakala imetumwa kwa kila mjumbe. Nani ataisikiliza? Saa tatu za kurekodi zinadai saa tatu za kusikiliza, na ofisini hakuna aliye nazo. Ukurasa wa hatimkato unapitiwa kwa jicho katika nusu dakika. Hata pale programu inapogeuza sauti kuwa maandishi, inachotoa ni maneno yote kwa uzito mmoja: salamu, hoja, mzaha, uamuzi. Kazi ya kuchagua bado iko palepale, inamngoja mtu, na mtu huyo anaiahirisha kwa kuwa anaamini kila kitu kimehifadhiwa.

Watafiti Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha mwaka 2014 utafiti uliosomwa sana: wanafunzi walioandika kwa kompyuta mpakato walinakili maneno mengi zaidi ya mhadhara neno kwa neno, na walifanya vibaya zaidi kwenye maswali ya uelewa kuliko walioandika kwa mkono. Waliourudia utafiti huo mwaka 2019 hawakuiona tofauti hiyo kwa uwazi uleule. Mimi nikiwakumbuka makatibu wetu sishangai. Wao walinakili neno kwa neno kwa penseli, na bado walielewa kuliko sisi sote tuliokuwa ukumbini, kwa sababu walilazimika kuyapitia maneno yale mara ya pili wakiwa na wajibu wa kuamua lipi libaki. Penseli ilisaidia, mara ya pili ndiyo iliyotenda kazi.

Hilo la kupitia mara ya pili linaweza kuhamia kwenye kishikwambi bila shida yoyote, na nimeona likihamia. Kijana mmoja katika ofisi yetu anaandika kikao kwenye kishikwambi kwa vifupisho vyake mwenyewe. Kikao kikifungwa, anabaki palepale kwenye kiti, wenzake wakienda kunywa chai, na anazipitia noti zake kuanzia juu. Kila uamuzi anaupa jina na tarehe, kisha anautia rangi kuonyesha ameshauingiza kwenye muhtasari. Jioni muhtasari uko kwenye barua pepe za wajumbe. Miezi sita baadaye, ukitaka kujua nani alipewa kazi ya vyoo, anaandika neno moja na jibu linatokea. Penseli ya yule mama isingeliweza hilo, na naamini angelifurahia.

Wapo wanaotaka sharti la hatimkato liondolewe kwenye matangazo ya ajira, wakisema mashine imekwisha kulifanya la kizamani. Ningekuwa na sauti, ningeliacha, na ningeongeza mtihani mmoja. Mtahiniwa asikilize kikao cha nusu saa chenye wajumbe wanaokatizana, akiwa na daftari au kishikwambi, kwa chaguo lake. Kisha apewe saa moja, bila kurudia kuisikiliza sauti, atoe muhtasari wa ukurasa mmoja: kilichoamuliwa, atakayekitekeleza, na tarehe ya kuleta taarifa. Asahihishwe na mtu aliyekuwa kikaoni.