Jicho Litangulie Mdomo

Kusoma Kiswahili kwa sauti si kazi ya kukurupuka. Mkazo wa neno hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yenyewe hujua kurefuka: walipomkaribisha, hawakutuelewesha. Msomaji asiyeona neno linaishia wapi hajui sauti aielemeze wapi. Atakwama katikati, arudi nyuma, na hadithi ife mkononi mwake. Msomaji mzuri macho yake yamekwisha kuufikia mwisho wa neno kabla mdomo haujalianza. Baba yangu alikuwa hodari wa jambo hilo, na ugonjwa wangu wa vitabu ulianzia kwake.

Kitabu alichokipenda kilikuwa kigumu. Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1952, kina sentensi zilizopimwa kwa mizani na maneno ambayo hata watu wazima huyatafuta kwenye kamusi. Mtu mwingine angetuambia tungoje tukue. Yeye aliona mtoto hana haja ya kulielewa kila neno, ilmradi ajue nani yuko matatani.

Tazama alivyokiendea kisa cha Ikibali. Kijana huyu ametumwa na Mfalme Rai kwenda Janibu kufuatilia kodi kwa liwali Adili. Usiku anamwona mwenyeji wake, mtu aliyesifika kwa upole, akiwachapa manyani wawili kwa mjeledi, kisha akiwalilia. Msomaji mchanga angekimbilia kupaza sauti kwenye mjeledi. Baba aliipunguza mapema, tangu Ikibali anapoanza kushuku, mpaka sote tukasogea karibu. Mjeledi wenyewe akausoma kwa sauti kavu, kama anayesoma daftari la madeni la duka. Uzito aliuweka kwenye kilio. Hapo alikwenda polepole, maana kitendawili cha kitabu kizima kimejificha mle: ampigaye mnyama kisha akamlilia ana siri gani? Hakutuuliza. Alituacha tuhangaike nacho wenyewe.

Hilo la kutouliza nalihesabu kuwa nusu ya ufundi wake. Vitabu vya shule huwa na maswali mwishoni mwa sura, na wazazi wengi huyabeba maswali hayo hadi kitandani: umejifunza nini, nani alikosea? Hadithi ikishageuka mtihani, mtoto husikiliza akivizia jibu, na Ikibali anabaki peke yake mlangoni. Hata maneno magumu baba hakuyasimamia. Alilisoma la kitabuni, akaliunga na la nyumbani kwa sauti ileile, sentensi ikaendelea. Nilipoanza kujisomea nilishangaa kukuta kitabu kina maneno machache kuliko niliyoyasikia.

Na kidole. Kilipita chini ya mstari bila kugusa karatasi, wala hakutwambia ni cha kazi gani. Bibi yetu alikuwa mtambaji hodari kuliko yeye, hilo halina ubishi. Akishasema paukwa, sungura wake kila usiku alizua jipya. Lakini kwa kile kidole tulijua kwamba sauti ya baba inatoka mahali, na kwamba alama zilezile zikirudiwa kesho zitasema yaleyale. Akiruka aya kwa uchovu tulimkamata. Nashuku mara nyingine aliruka makusudi.

Shahrazadi wa Alfu Lela Ulela alikatisha hadithi aokoe shingo yake. Baba alikatisha aokoe mafuta ya taa, na sisi tukateseka vilevile. Hakungoja mwisho wa sura. Alikifunga kitabu mtu wa hadithi akiwa bado ngazini, kisha akakiacha juu ya kigoda, mahali mkono wa mtoto unapofika. Dada yangu alijifunza kusoma hivyo, kwa hasira.

Sasa ni zamu yake kuwasomea wanawe. Ameanza na Hekaya za Abunuwasi, na amechagua vizuri, kwani visa vyake ni vifupi na huishia kwa pigo moja. Kile cha sufuria wakijua wote: Abunuwasi anaazima sufuria, anairudisha na nyingine ndogo, eti imezaa, na mwenye mali anapokea kwa furaha; Abunuwasi anaazima tena, na safari hii sufuria inakufa. Kisa kizima kinaning'inia kwenye pumzi inayotangulia habari ya kifo. Ikiwa fupi, mtoto hajapata nafasi ya kushtuka. Ikiwa ndefu, amekwisha kubashiri. Dada huikawiza mno, tena huwatazama juu ya miwani, jambo ambalo baba asingelifanya, na kitindamimba wake hulitamka neno kabla yake. Nimemwambia. Amenijibu nizae wangu, niwasomee nitakavyo.