Majina ya Pembeni

Anayetafuta ukoo wake Masisi, mashariki mwa Kongo, asikimbilie Ubelgiji kwanza, ingawa makaratasi mengi ya utawala wa kikoloni yalisafirishwa huko karibu na uhuru wa 1960. Aanzie parokiani. Katika misheni za kale za Mapadri Weupe, Bobandana ikiwemo, upo ufundi ambao sijasikia ukisifiwa inavyostahili: uandishi wa kitabu cha ubatizo.

Kila mstari una namba, tarehe, jina la mtoto, la baba, la mama na la msimamizi. Haukomi hapo. Mtu akipata kipaimara au akifunga ndoa, hata miaka 30 baadaye, hata katika parokia ya mbali, habari hurudishwa ikaandikwa pembeni mwa jina lake. Nawaheshimu mno walioandika kwa herufi za kusomeka, wakaacha nafasi ya hayo yatakayokuja, na wakamwuliza mama jina lake. Serikali ya kikoloni ilimtazama kwanza mwanaume mwenye nguvu, kwa kuwa ndiye mlipa kodi. Bibi zetu wengi hawana karatasi nyingine isipokuwa mstari ule.

Bila kitabu hicho uzi wa ukoo hukatika upesi. Huku kwetu mtoto anaweza kubeba jina lake mwenyewe, si la baba. Ndugu watano, majina matano. Kisha mwaka 1972 Rais Mobutu akapiga marufuku majina ya Kikristo, na Petro wa kitabuni akatoweka kwenye kitambulisho. Msomaji mzuri wa daftari humtambua tena kwa jina la mama na la msimamizi.

Yapo makaratasi mengine, ya uraia, na hayo ni mazito. Kati ya 1937 na 1955 Wabelgiji walihamisha maelfu ya watu kutoka Rwanda wakawaweka Masisi, wengi Gishari, kwenye ardhi ya Wahunde. Sheria ya 1972 iliwapa wengi wao uraia. Ile ya 1981 ikaufuta. Tangu hapo kuulizwa babu yako alifika lini ni jambo la kutisha, na damu imemwagika kwa sababu yake. Ndiyo maana namthamini mwandishi aliyeandika alichoambiwa, mtoto huyu, wa mama huyu, siku hii, akaishia hapo. Hakujifanya hakimu wa nani mwenyeji.

Walikale, jirani yetu msituni, kuna daftari la namna nyingine. Mwaka 1956 fundi wa masimulizi wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, alisimulia, akaimba na kucheza habari za shujaa Mwindo kwa siku 12 huku mtafiti Daniel Biebuyck na wasaidizi wake Wanyanga wakiandika. Biebuyck na Kahombo Mateene, mwenyewe Mnyanga, walizitoa kitabuni 1969. Hutakuta humo orodha ya vizazi vyako. Utamkuta shangazi Iyangura akimlinda mtoto wa kaka yake, na wajomba wakimfua upya kwa chuma, na utajua kila jamaa alikaa wapi katika maisha ya mtu.

Ninachoomba ni hiki: vitabu vya parokia vipigwe picha, ukurasa kwa ukurasa, kabla vita havijavifikia. Nakala isikae Goma peke yake, maana lava ya Nyiragongo iliangamiza hata kanisa kuu la mji huo mwaka 2002. Nyingine iende Bukavu. Na mpiga picha asikate pembeni mwa ukurasa, kwani ndiko waliko wakwe.