Wahesabu Meno wa Gerezani

Gerezani, Dar es Salaam, difu za magari zilizotumika hupangwa chini zikiwa bado zinavuja oili nyeusi. Kwa mpita njia ni vyuma tu.

Muuzaji anayejua kazi huuliza kwanza gari gani, injini gani, gia ya mkono au otomatiki. Kisha huhesabu meno. Kraunweli (gia kubwa) ya meno 41 kwa pinioni (gia ndogo) ya meno 10 hutoa uwiano wa 4.1, 43 kwa 10 hutoa 4.3. Kwa nje difu hizo zaweza kufanana kama mapacha. Ila kwenye gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, difu ya nyuma isipolingana na ya mbele, mfumo hujikaba kwenye lami hadi kitu kivunjike.

Kama difu haijafunguliwa, chaki hutosha. Alama hutiwa kwenye flenji ya propela, ekseli moja ikashikwa isizunguke, nyingine ikazungushwa raundi mbili kamili. Flenji ikienda mara nne na ushee mdogo, ni 4.1. Ushee huo ndio hutenganisha 4.1 na 4.3, na jicho linaloupima linastahili heshima zaidi kuliko linavyolipwa.

Hubaki kulinganisha meno ya ekseli na matundu ya flenji. Mteja aliyebeba difu yake mbovu hupokewa vizuri zaidi: zinawekwa sambamba, zinapimwa papo hapo.