Mtu wa Tatu Ni Nani? Istilahi za Bima katika Mikataba ya Magari ya Kukodi

Makala haya yanahakiki istilahi chache za bima zilizomo katika mikataba ya Kiswahili ya kukodi magari, hususan magari yanayokodiwa hapa nchini kwa safari za nchi jirani. Tumeichagua Songea iwe mahali pa kuzipimia istilahi hizo, na si kwa kubahatisha. Mtu aliyeko Songea aweza kushika njia ya Likuyufusi hadi Mkenda, akavuka Mto Ruvuma na kuingia Msumbiji. Aweza pia kupanda kwenda Njombe, Makambako na Mbeya, kisha akateremkia Kasumulu kwenda Malawi, au akaendelea hadi Tunduma kwenda Zambia. Kila mpaka kati ya hiyo mitatu una sheria yake ya bima, ilhali msafiri amebeba mkataba uleule wa kurasa mbili. Maneno ya mkataba huo yasipoeleza wazi nani atamlipa nani, na mpaka wapi, atakayeumia si mfasiri aliyeyaandika bali mwalimu au mfanyabiashara aliyetia saini.

Hatubishani na uamuzi wa kuiandika mikataba hii kwa Kiswahili. Uamuzi huo ni mwema, na tangu Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini, haifai tena kudai kwamba mambo ya bima hayasemeki ila kwa Kiingereza. Tunachohoji ni kazi yenyewe ya kutafsiri.

Neno bima ni la zamani katika lugha yetu. Lilitufikia kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na asili yake ni Kiajemi, ambako neno bim lina maana ya hofu. Kwa hiyo si istilahi ya kubuniwa ofisini. Lililobuniwa ofisini ni jamaa zake. Mwaka 1967, mwaka ambao Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Na. 27, shughuli za bima ziliwekwa chini ya Shirika la Bima la Taifa peke yake. Baada ya Sheria ya Bima ya 1996 makampuni binafsi yakaruhusiwa tena, kila kampuni ikaja na fomu zake, na kila fomu ikaja na mfasiri wake. Haishangazi kwamba leo kitu kimoja kina majina matatu, na mahali pengine jina moja linabeba vitu vitatu.

Tuanze na istilahi iliyo kichwani mwa makala haya. Karibu kila mkataba tuliousoma unataja "bima ya mtu wa tatu". Katika Kiingereza cha wanasheria, mtu wa kwanza ni mwenye kukata bima, wa pili ni kampuni ya bima, na wa tatu ni yeyote aliye nje ya mapatano yao ambaye gari limemdhuru: mpita njia, mwendesha baiskeli, au abiria wa gari jingine. Hesabu hiyo imo katika vichwa vya wanasheria tu. Mswahili anayesoma mkataba wa kukodi gari huhesabu watu anaowaona katika karatasi ile. Huona kampuni ya bima, akaona mwenye gari, kisha akajiona yeye mkodi. Yeye ndiye wa tatu! Basi husoma kwamba gari lina bima ya mtu wa tatu, akatia saini akiwa ametulia, kwa sababu ameelewa kuwa bima ile ni yake.

Kumbe kwa bima hiyo hajakingwa kitu kuhusu gari alilolichukua. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu mwenye gari kuwa na bima dhidi ya madai ya kifo na majeraha ya watu wengine. Haimlazimu kukatia bima bati na injini ya gari lake. Gari likipinduka, fidia ya aliyejeruhiwa kando ya njia italipwa na bima, lakini gari lenyewe litabaki kuwa shauri la mwenye gari na mkodi, na hapo mkataba ndio utakaoamua.

Wako wanaoandika "bima ya watu wengine". Wamekaribia, ila maneno hayo yaweza kueleweka kuwa ni bima inayomilikiwa na watu wengine. Sisi tunapendekeza "bima ya dhima kwa wengine". Neno dhima limekwisha kuzoeleka katika lugha ya sheria, na kiungo "kwa" kinaonyesha upande ambao wajibu unaelekea. Istilahi hii ni ndefu kidogo kuliko ile ya mtu wa tatu, jambo ambalo halitusumbui.

Wananchi wao hawakungoja mapendekezo. Zamani wamekwisha kusema "bima ndogo" na "bima kubwa", na ni lazima tukiri kuwa maneno hayo ni mazuri: ni mafupi, yanaeleweka dukani na barabarani, na yanatofautisha bima ya dhima peke yake na ile inayolikinga pia gari lenyewe. Tungeyapendekeza bila kusita laiti magari yasingevuka mipaka. Ukubwa wa bima kubwa ni ukubwa wa nyumbani. Hati ya bima ya gari hutaja eneo ambalo kinga inafanya kazi, na gari likitoka katika eneo hilo bila kibali cha kampuni ya bima kilichoandikwa na kuambatishwa kwenye hati, kinga ya gari lenyewe hubaki nyuma. Kinachovuka Kasumulu au Tunduma kwa kawaida ni dhima tu. Hivyo msafiri aliyetoka Songea na bima kubwa aweza kuwa Mzuzu na bima ndogo pasipo kujua, na neno "kubwa" ndilo lililomficha jambo hilo, maana katika Kiswahili kitu kikubwa hakipungui kwa kubadili mahali.

Chombo kinachoivusha dhima hiyo ni Kadi ya Njano. Mkataba wake ulitiwa saini mwaka 1986 chini ya Eneo la Biashara ya Upendeleo, lililokuja kuwa Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani COMESA, na kadi zikaanza kutumika mwaka 1987. Utaratibu wa kuziita hati hizi kwa rangi si wetu peke yetu. Ulaya ilikuwa na Kadi ya Kijani tangu 1953, nchi za Kiarabu zikaafikiana juu ya kadi ya rangi ya machungwa mwaka 1975, na Afrika Magharibi juu ya Kadi ya Kahawia mwaka 1982. Rangi humsaidia askari wa mpakani asiyejua lugha ya msafiri. Lakini rangi si istilahi. Hapa kwetu "kadi ya njano" ni jina la cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho huulizwa mpakani, tena pengine katika jengo lilelile. (Kadi ya mwamuzi wa mpira tunaiacha, ingawa nayo ni ya njano na nayo ni onyo.) Ongeza "kadi ya gari", ambayo ni hati ya usajili wa gari, na msafiri atakuwa na kadi tatu zinazogombea jina. Tumeona mkataba unaomtaka mkodi "awe na kadi ya njano" bila neno jingine. Mtu makini atakwenda hospitali kuchanjwa, atafika mpakani akiwa mzima wa afya na asiye na bima.

Pendekezo letu ni kuandika "Kadi ya Njano ya Bima ya Gari" kila inapotajwa mara ya kwanza, na kueleza papo hapo inachokinga: dhima kwa wengine kwa kiwango cha chini kinachotakiwa na sheria ya nchi inayotembelewa, pamoja na gharama za matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Ielezwe pia kwamba kadi hiyo haisimami peke yake. Ni tawi la hati ya bima iliyokatwa nyumbani, na hati ikiisha muda, kadi nayo imekwisha.

Jina jingine, "Kadi ya COMESA", lina udhaifu wa namna yake. Tanzania ilijitoa katika COMESA mwaka 2000, lakini ikabaki katika mpango wa kadi. Msomaji anayejua la kwanza bila la pili atadhani kadi si halali kwetu. Msumbiji ilijitoa mwaka 1997, nayo haimo katika mpango huu. Hapa ndipo penye hatari kubwa kwa watu wa Songea, kwa kuwa Msumbiji ndiyo nchi ya kigeni iliyo karibu nao kuliko zote. Kadi inayokubaliwa Malawi, Zambia, Zimbabwe, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo haina kazi ng'ambo ya Mkenda. Huko dereva huulizwa "seguro", na hana budi kuinunua kwa sheria ya kule. Mkataba unaosema kwamba gari lina bima "kwa nchi jirani" umemdanganya msafiri wa Lichinga. Huenda mwandishi wake hakukusudia udanganyifu. Alitafuta maneno ya jumla yaliyo mepesi. Lakini eneo la bima haliwezi kuelezwa kwa ujirani, wala kwa "Afrika Mashariki na Kusini", wala kwa uanachama wa jumuiya yoyote. Litajwe kwa majina ya nchi, moja baada ya nyingine.

Sasa tuje kwenye neno ambalo, kwa maoni yetu, ndilo tafsiri mbaya kuliko zote: "ziada". Katika bima kuna kiasi cha mwanzo cha hasara ambacho kampuni ya bima hailipi, hukiacha kwa mwenye bima ili asizembee na asilete madai madogomadogo. Kiingereza kinakiita kwa neno ambalo kamusi hulifasiri kuwa ziada, na mfasiri aliyeridhika na kamusi akaandika ziada. Tuseme gari limeharibika kwa shilingi 4,000,000 na mkataba umetaja ziada ya shilingi 500,000. Mswahili yeyote, awe wa Songea au wa Unguja, atajua kwamba ziada ni nyongeza. Muuza nyanya akikupa ziada umefaidi. Atasubiri apewe, kumbe ni yeye anayedaiwa. Katika ukodishaji kiasi hicho mara nyingi mwenye gari humtupia mkodi, na hukikata katika fedha alizoacha awali. Wengine huandika "makato", ambalo ni afadhali, ila linamkumbusha mtu mshahara. Tunapendekeza "sehemu ya mkodi katika hasara". Hakuna atakayelisoma jina hilo akangoja kulipwa.

Fedha hizo zinazoachwa awali nazo zinaitwa ovyo: mara dhamana, mara amana, mara rubuni. Rubuni ni malipo ya kufungia mapatano na huhesabiwa katika bei. Amana ni mali iliyowekwa kwa mtu aitunze. Kinachoachwa kwa mwenye gari ili afidie hasara na kurudisha salio ni dhamana, basi. "Sera ya bima" haihitaji maneno mengi: serikali ina sera, msafiri ana hati ya bima. Vilevile mkodishaji ni anayetoa gari na mkodi ni anayelichukua. Mkataba unaoyageuza majina hayo katika ibara ya nne haufai kutiwa saini.

Jambo gumu zaidi ni lile ambalo makampuni ya ukodishaji huliuza kwa jina la "bima ya ajali". Mkodi hulipa kiasi fulani kwa siku, na mwenye gari huahidi kutomdai gharama za gari likigongwa, au kumdai hadi kiwango fulani tu. Hiyo si bima. Hakuna kampuni ya bima iliyomwahidi mkodi kitu. Ni mkodishaji anayeacha haki yake ya kudai, tena kwa masharti, na matairi, vioo na sehemu za chini ya gari aghalabu havimo. Kwa njia ya vumbi na mawe, hivyo ndivyo vinavyoharibika kwanza. Tulifikiria "msamaha wa madai", tukalikataa kwa kuwa msamaha haununuliwi. "Uachiaji madai" ni sahihi zaidi, ingawa twakubali kuwa linakwama kidogo ulimini, na msomaji mwenye neno bora atuletee.

Kwa mkodi anayevuka mpaka, ibara ya bima ingeweza kuandikwa hivi: "Gari hili lina bima ya dhima kwa wengine na bima ya gari lenyewe ndani ya Tanzania. Likiwa Malawi au Zambia, lina bima ya dhima kwa wengine tu, kwa Kadi ya Njano ya Bima ya Gari iliyoambatishwa. Likiwa Msumbiji halina bima yoyote mpaka mkodi ainunue mpakani. Sehemu ya mkodi katika hasara ni shilingi kadha wa kadha." Kabla ya ibara hiyo mkodishaji athibitishe kwamba hati yake inaruhusu gari kukodishwa, kwa maana hati iliyokatwa kwa matumizi binafsi kwa kawaida hairuhusu, na hapo hata sentensi ya kwanza huwa si kweli.