Mabingwa Waliozoa Taka

Katika ligi za vijana za MYSA, chama cha michezo ya vijana alichokianzisha Mkanada Bob Munro kule Mathare, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, mwaka 1987, timu ikishinda mechi hupata pointi 3. Ikishika reki, beleshi na mkokoteni ikazoa taka na kuzibua mitaro ya mtaa wake, hupata 6. Unaweza kuwafunga wapinzani wote na bado usiongoze ligi.

Humo ndimo ilimozaliwa klabu ya Mathare United mwaka 1994. Vijana hawa wa nyumba za mabati walitwaa Kombe la Dhahabu la Moi 1998, wakalirudia 2000, na mwaka 2008 wakawa mabingwa wa Kenya. Taji moja tu la ligi, ndiyo, lakini kwangu lina uzito kuliko mengi ya klabu zenye mashabiki nchi nzima.

Mshambuliaji Dennis Oliech alipita katika klabu hii kabla ya kwenda Nantes na Auxerre za Ufaransa. Ndiye aliyefunga mojawapo ya mabao 3 tuliyowachapa Burkina Faso kule Tunisia 2004, ushindi wa kwanza wa Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Hongereni sana, vijana wa Mathare, nanyi makocha mnaowahesabia pointi za taka.